Rangi ya Gari Juu ya Rangi ya Mafuta

Kwenye treni ya asubuhi, kiti cha mbele yangu, mpiga rangi wa magari, mama mwenye ovaroli yenye madoa, alimgeukia jirani yake aliyepakata boksi. "Kaka, mbona unanuka thina?"

Kaka akasema ndani ya boksi mna meli ndogo aliyoichonga miezi minane, anaipeleka kwenye mashindano. Chini amepaka rangi ya mafuta, juu amepulizia ya gari ili ing'ae.

"Ya gari juu ya mafuta? Itajikunja kama utando wa maziwa! Ya mafuta ndiyo hukaa juu. Nani kakushauri?"

"Shemeji yangu. Tunachonga pamoja. Kopo lenyewe kanipa yeye, jana."

"Naye anashindana?"

Kaka akatazama dirishani. "Kaoa dada yangu, mama."

"Sikuuliza kaoa nani. Yake kaipulizia hiyo hiyo?"

"Yake... sijaiona tangu wiki iliyopita."

Mimi nina mashemeji watatu, kwa hiyo sikushangaa.

"Basi fungua tuone," mama akasema. Treni ikasimama. Kaka akateremka, mikono yote miwili ikikandamiza kifuniko.