Mama Vibao Anaondoka, Rafu Ziko Tupu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu, Mama Vibao anastaafu. Mkurugenzi alituagiza sisi wa dawati la kuazimisha tuandike, kwa ajili ya ratiba hii ya sherehe ya kumuaga, wasifu mfupi na wa furaha. Mfupi tumeweza.

Alianza kwenye dirisha la kurudishia vitabu, enzi ambazo riwaya zote zilirundikwa pamoja kama viazi gulioni na msomaji akaokota bahati yake. Mwaka wa pili alileta mbao kutoka kwa kaka yake seremala, akaandika kwa mkono wake vibao sita: Mapenzi, Upelelezi, Kutisha, Historia, Sayansi ya Kubuni, Vichekesho. Jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika papo hapo.

Si mtu mpole, na hatutamsingizia upole leo kwa sababu tu anaondoka. Sisi tuliokuja baadaye alitufundisha kwa kutufokea. Ukipeleka kitabu pasipo pake kwa kutazama picha ya juu, alikurudishia mbele ya wasomaji: "Wewe, umeoa jalada?" Kwake swali lilikuwa moja tu, hadithi inamwahidi nini msomaji. "Maiti akilala, ni upelelezi. Akiinuka, ni ya kutisha. Akiinuka kwa ajili ya mchumba wake, niletee mimi kwanza." Hata ripoti ya mwaka ya uongozi aliwahi kuisoma yote, akairudisha na kikaratasi: "Njozi. Hatuna rafu yake."

Miezi mitatu iliyopita Mkurugenzi mpya aling'oa vibao. Akaagiza riwaya zipangwe kwa rangi ya migongo, nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu, ili ukumbi upendeze kwenye picha. Kikaoni alieleza kwamba hadithi ni hadithi tu, na kwamba siku hizi watu wanasoma kwa macho. Mama Vibao akauliza kama zamani walisoma kwa viwiko. "Na dawa ni dawa tu, bosi. Mfamasia akizipanga kwa rangi, utameza?"

Akajibiwa kwamba amebakiza siku chache apumzike, asijichoshe. Tumewahi kusikia matusi yenye heshima kuliko hayo.

Yaliyofuata tuliyaona dawatini. Bibi mmoja mshona nguo, msomaji wa mapenzi tangu usichana wake, alichukua kitabu chekundu akijua nyekundu ni ya moyo. Alikirudisha amekishika kwa ncha za vidole. "Mwanangu, huyu bwana harusi nimemvumilia nikisema mwishoni atajirekebisha. Kumbe anakula watu." Tulicheka. Yeye hakucheka, na mwezi mzima hatukumwona. Kinyozi wa jirani, ambaye upelelezi mmoja haukumtosha wiki, alizunguka rafu za buluu mara kadhaa, akasema, "Sasa mnataka nipeleleze kitabu kiko wapi," akaenda zake. Watu wakapungua, nasi tukaambiwa ukumbi umependeza. Kibao cha Mapenzi tulikikuta kimesokomezwa chini ya mlango wa chumba cha mikutano usijifunge. Tukisema tumekasirika, tunasema kwa adabu.

Mama Vibao hakuandika malalamiko. Alimpigia simu bibi mshonaji, kisha kinyozi, nao wakaambiana na wenzao. Kanuni zetu zinampa kila msomaji vitabu vitano. Kwa wiki mbili hizi wamekuja foleni, naye akiwachagulia mwenyewe, wapenzi wa kutisha vya kutisha, wa vichekesho vya vichekesho, akigonga mhuri wa tarehe kwa nguvu ambazo dawati halijazizoea. Jumatatu Mkurugenzi aliingia na mpiga picha wa sherehe, akakuta rafu za riwaya tupu. Rangi hakuna. Kilichosimama peke yake katikati ni ile ripoti ya mwaka.

Akataka vitabu virudi leo leo. "Tarehe yake haijafika, bosi," Mama Vibao alimjibu. "Na vikirudi, vitauliza kwao ni wapi."

Wasomaji watakuwa ukumbini Ijumaa na mifuko yao. Bibi mshonaji amesema vyake atavirudisha chini ya kibao cha Mapenzi, vinginevyo atakuwa anavirudia kuvisoma nyumbani. Vibao vyote sita tumevifuta vumbi. Kile cha mlangoni kimechubuka lakini kinasomeka. Nyundo na misumari viko kwa fundi wetu, atakayeketi mstari wa nyuma. Kinachosubiriwa ni neno moja la Mkurugenzi, ambaye kwenye ratiba hii ndiye msemaji wa mwisho.

Mama Vibao, asante kwa kutufokea. Tunakuombea miaka mingi ya kufungua kitabu bila kuwaza kitakaa wapi. Lakini Ijumaa tufanyie kazi moja ya mwisho: keti mbele, isikilize hotuba mpaka tamati, kisha utuambie inaingia rafu gani.