Chumba cha Mbele si Chenu

Sogeeni, wanangu. Mkubwa, zima hiyo simu. Na wewe kitinda mimba, machozi yaweke kwanza, utayahitaji baadaye. Mjukuu wangu uliyeshika kalamu, andika kama ninavyosema, usininyooshee maneno, maana bibi yako hakukaa darasani hata siku moja na sitaki nije nisomwe kama mtu mwingine.

Nimechoka. Sisemi hivyo ili mnibembeleze. Nimechoka kama shuka iliyofuliwa mara nyingi mno, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kwa hiyo nisikilizeni mara moja, sitarudia.

Vyumba vitatu vya nyuma ni vyenu, kila mmoja chake, na msigombanie dirisha. Meza kubwa ni ya binti yangu wa kati, kwa kuwa ndiye aliyeifuta miaka yote ninyi wawili mkila na kuondoka. Cherehani apewe mjukuu. Lakini chumba cha mbele, anachokaa Bi Chapuchapu, si chenu. Mkubwa, usikunje uso. Najua umeshaongea na mtu wa duka la simu, najua umeshampimia ukuta kwa hatua. Nilikuwa nimelala, masikio hayakulala. Ulimwambia, "Yule bibi ni mpangaji wa huruma tu, mama akiondoka na yeye ataondoka." Basi leo nitakwambia ni nani aliyemhurumia mwenzake.

Mtaa huu uliojaa vioo ulikuwa mtaa wa mikono, wanangu. Penye ghorofa la kona alikaa kinyozi mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa, na mtoto akitikisika humwambia, "Tulia, kichwa ni chako lakini wembe ni wangu." Mkabala wake palikuwa na mpiga picha na sanduku lake la miguu mitatu, anaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi na kukukaripia kutoka humo humo, "Usicheke, picha haijui utani," na ndiyo maana wazee wetu wote kwenye picha wana nyuso za watu wanaodaiwa. Mziba sufuria alipita na jiko lake begani akinadi, "Leteni zinazovuja! Mume anayevuja siri mbaki naye, huyo sina risasi ya kumzibia," na mama zetu wakicheka hadi wanashika kuta. Fundi baiskeli alitukodisha baiskeli moja, mzunguko mmoja wa mtaa, naye anakuhesabia kwa sauti hadi urudi. Sisi wasichana tulicheza mdako kwenye kibaraza, na hapakuwa na mkono uliofua dafu kwa mkono wa Chapuchapu. Jiwe halijashuka, yeye keshachota yote. Jina hilo alilipata hapo.

Na hapa, chumba cha mbele, palikuwa na udobi wa baba yangu. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo kila nyumba aliitia alama ya uzi ndani ya ukosi: mchinja nyama uzi wa buluu, mkunga uzi wa kijani, dereva wa lori uzi mmoja mwekundu, karani nyuzi mbili nyekundu. Baba alifua, na aliyepiga pasi ni mama yake Chapuchapu, mjane, tukimwita Mama Pasi. Alilowesha kidole, akaigusa pasi ya mkaa, akasikiliza ule mlio, kisha akasema, "Bado ina hasira, ngoja ipoe." Hakuunguza hata leso.

Siku moja nilikuwa nashona mtoto wa matambara na nilitaka mdomo mwekundu. Koti la karani lilikuwa juu ya rundo, koti jipya, la kwenda kumwoza binti yake. Nikavuta uzi mmoja kati ya zile mbili. Nikasema moyoni, umebaki mmoja, kuna ubaya gani? Nikampa mdomo yule mtoto wa matambara, na wangu nikaufunga, haujafunguka hadi leo.

Kwa sababu koti lenye uzi mmoja lilifungwa kwenye furushi la dereva wa lori, na dereva alikuwa anahama. Alipakia alfajiri na hatukumwona tena. Jioni karani akaja kuchukua koti lake. Likatafutwa chini ya meza, juu ya dari, ndani ya ndoo. Mtaa ukasema Mama Pasi kaliuza. Mjane, tena ana mtoto anayesoma, atapata wapi? Wanawake waliokuwa wakicheka naye juzi wakaanza kuziondoa nguo zao mikononi mwa baba. Baba akamwita, nami nikiwa nyuma ya pazia, akamwambia, "Dada, mimi siamini. Lakini mtaa umeamini, na nguo ni za mtaa." Mama Pasi akashusha pasi pole pole, akaikalisha kwa kisigino. "Sawa, kaka," akasema. "Mtaa huo huo uje ukunyooshee."

Nilijua. Mdomo mwekundu ulikuwa mkononi mwangu na nilijua. Nikasema nitasema kesho, na kesho nikasema kesho.

Mama Pasi alikwenda kuponda kokoto. Vumbi lile likamwingia kifuani, mvua mbili hazikupita akafa. Chapuchapu aliachia darasa la tatu, akashika nyundo ya mama yake, na vile vidole vya mdako mmeviona vilivyo leo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimkuta sokoni akichambua mchele wa watu, nikamleta hapa, mkanisifu. Mama ana roho nzuri, mlisema. Kila asubuhi ananiletea uji na kunishukuru, na shukrani zake nazimeza kabla ya uji, chungu, na sijawahi kuzizoea. Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha wangu na nimezaa watatu, lakini sikupata usingizi.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa agizo langu. Chumba kile kiandikwe jina lake leo, si kesho. Kesho naijua mimi. Akifa, yeye ndiye atakayesema kinakwenda kwa nani. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, na ninyi msimsome usoni kama amenisamehe. Akinitukana, mwacheni. Akikataa kunizika, msimsute, wala asije mmoja wenu akasema, "Mama alikupa chumba." Sikumpa kitu. Na akitaka kukifunga aende zake asituone tena, mkubwa, wewe ndiye utakayembebea mizigo hadi anakokwenda, na utambebea kwa adabu.

Mkosane kwa maneno, msikosane kwa kimya. Mungu awape usingizi, wanangu. Wengine huwaombea watoto mali, mimi nawaombea usingizi tu... Kitinda mimba, mkono wako uko wapi? Haya. Nimewaridhia wote, hata wewe wa duka la simu.

Mwiteni sasa. Yupo uani, nasikia anapepeta. Mwambieni aache... ungo auache tu. Kisha mtoke, mrudishe mlango. Hicho kiti kisogezeni, karibu zaidi... karibu na kichwa. Sauti haifiki mbali, na hili nataka alisikie lote.