Mungu Aliniokoa mu Woga ya Chakula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kinywa yangu, asifiwe na tumbo yangu pia, juu leo asubuhi nilikula mbele ya kuja kanisani, na mukono yangu haikutetemeka!

Benye habanijue, mimi ni Kavira. Tunaishi hapa Butembo, mu mutaa ya Vulamba, nauzisha maharagi na biazi yenye inatoka Alimbongo. Bwana yangu ni Paluku, fundi ya mbao, ule mwenye eko pale nyuma na shati ya bleu. Nyumba yetu ilikuwaka nyumba ya kula. Mutu hakuwezaka kupita kwetu saa ya mangaribi bila kusikia: "Karibu, bugali iko!"

Kiisha ugonjwa ikakuja. Kiu yenye haiishe. Kukojoa kila saa. Macho ikaanza kuona sawa mu ukungu. Nilienda ku centre de santé, kituo ya afya, bakanitoboa kidole, munganga akaangalia kamashini kake, akasema: "Mama, uko na sukari." Alinipa kinini, bidonge ya kushusha sukari, akasema nikunywe asubuhi pamoja na chakula, na nipunguze bintu ya sukari. Bagonjwa balijaa inje, alisema mbio mbio. Na mimi, tangu alitaja ile neno, masikio yangu ilifungama. Nilikuwa nawaza tu shangazi yangu, mwenye ile ugonjwa ilimukatisha muguu. Donc nilirudi nyumbani na kinini mu sakoshi na woga mu roho.

Ndugu zangu, mutu mwenye woga anaulizaka kila mutu! Nilimuuliza jirani yangu wa ku soko, akasema: "Maharagi? Usikule tena! Maharagi inavimbisha sukari." Mwengine akasema biazi ni sumu. Ndizi, hapana. Papai, hapana, juu iko tamu. Mayai, hapana. Nyama, hapana. Kila mutu alinipenda, na kila mutu alinitoshea kitu moja ku sahani. Mutu mwengine alinitumia sauti mu telefone, ya mutu mwenye sijue hata sura yake, eti mugonjwa wa sukari akiacha kula, sukari yenyewe inakufa na njaa. Nilisikiliza ile sauti tena na tena. Ilionekana kweli! Ile ile sauti ilisema asali haina mubaya, juu ni nyuki njo banaitengeneza, hapana mashini. Nikatafuta chupa ya asali, nikaanza kulamba kijiko asubuhi na mangaribi. Vile balipima damu tena, sukari ilikuwa imepanda zaidi, munganga akaniongezea kinini. Mimi niliwaza ni ile maharagi kidogo nilionja ku soko. Nikaacha maharagi kabisa.

Pole pole chakula yote iliisha mbele yangu. Nilibakia na majani ya lengalenga ya kuchemusha bila mafuta, na maji ya ndimu. Mimi mwenye nauzisha chakula! Nilikuwa nashika maharagi na mikono, napimia batu, na roho inapiga kama nashika nyoka.

Nilikonda. Ku soko benye balinisifu: "Kavira, umekuwa tena kijana!" Bengine balinong'ona, na munajua ugonjwa gani banawazaka kama mama anakonda mbio. Paluku aliacha kutafuna mbele yangu. Nikiingia, anaweka mukono chini. Na siku moja binti yetu ya mwisho, Kasoki, alisukuma sahani yake, akaniangalia na macho makubwa: "Mama, hii maharagi itaniua na mimi?"

Niliingia mu chumba nikalia. Nikasema: Mungu wangu, unionyeshe kitu moja tu yenye naweza kula bila kufa!

Jibu haikukuja vile nilitaka. Ilikuja kule ku muji wa Beni.

Dada yangu mukubwa, Yaya Katungu, anaishi kule. Balikuwa banamuletea mahari ya binti yake, na sisi bote tuliitwa. Asubuhi ya safari nilikunywa kinini na maji matupu. Niliwaza: kule chakula itakuwa mingi, nitajaribiwa, afazali niende na tumbo wazi. Tukapanda gari. Munajua vile tunasafirika ku ile barabara yenye batu ya bunduki banaviziaka: kila mutu anaomba kimya kimya, na hakuna mwenye anacheka mpaka nyumba za kwanza za Beni zionekane.

Mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba ya Yaya, bageni balijaa. Nyuma ya nyumba alikuwa Mama Kanyere anapika. Huyu Mama Kanyere ni mujane, alikimbia vita kule ngambo ya Mabalako na batoto yake, Yaya akamupa kanyumba ka nyuma. Aliishi na kazi ya kupikia batu ku sherehe. Siku ile alipika bugali, samaki, na sombe, majani ya muhogo, yenye harufu yake ilifika mpaka ku barabara. Balinipa sahani. Niliiweka ku magoti, nikaigeuzageuza na kidole, kiisha, vile hakuna mwenye alikuwa ananiangalia, nikaificha chini ya kiti. Mama Kanyere alipita, akaona jasho ku paji yangu, akaniletea kopo ya maji. "Kunywa, mama," alisema, "jua iko kali." Nikakunywa.

Hapo njo ilianza. Mikono ikatetemeka. Jasho ya baridi ikanilowesha mugongo. Roho ikapiga sawa ngoma, na sauti ya batu ikaenda mbali, mbali. Nilitaka kusimama, magoti ikakataa. Nikaanguka pale katikati, mbele ya babokilo bote, benye balileta mahari.

"Sumu!" mwanamuke moja alilia. "Bamemupa sumu!"

Ndugu zangu, munajua vile ile neno inafanyaka kwetu.

"Nani alimupa kitu?"

"Ule mugeni wa kule nyuma! Nilimuona na kopo!"

Nilikuwa chini, mais nilikuwa nasikia, nilikuwa naona, sawa mutu mwenye eko ndani ya maji. Niliona bavijana banamukamata Mama Kanyere, banamusukuma ku ukuta. Kitambaa yake ya kichwa ikaanguka. Kijana moja alishika muchi, ule wa kutwangia sombe, akaunyanyua. Mama Kanyere hakujitetea. Alisema tu: "Batoto yangu, batoto yangu."

Na mimi nilijua sikukula chakula yake! Ni mimi peke yangu nilijua! Nilitaka kusema, ulimi ikawa nzito sawa jiwe, kinywa ikatosha sauti ya bure. Ndiyo, niliogopa kufa. Mais niliogopa zaidi ule mama auawe juu yangu, na mimi naangalia. Ndani ya roho nilipiga kelele: Yesu, kinywa yangu imekufa, uazime ya mutu mwengine!

Na alisikia! Mu bageni mulikuwa jirani wa Yaya, Mama Ngalula, mutu wa Kasai. Bwana yake ni askari mwenye balituma kazi Beni, na yeye mwenyewe ni munganga ku centre ya quartier. Alipasua batu, akapiga magoti, akanigusa shingo.

"Alikula nini?"

Yaya Katungu alivuta sahani chini ya kiti. "Hakugusa kitu. Angalia, samaki iko muzima!"

"Eko na ugonjwa gani?"

"Sukari," Paluku akajibu. "Anakunywaka kinini."

"Na leo alikunywa?"

"Asubuhi."

"Na alikula?"

"Mama... hakulaka tena."

"Leta sucré, ile soda ya chupa, ya orange! Mbio, noki, noki!"

Mutu alileta chupa. Bwana yangu akaruka, akaipiga na mukono, ikapasuka chini. "Hapana! Ni sukari njo inamuua! Balimukataza!"

Mama Ngalula hakupandisha sauti. "Papa, unisikilize. Kinini imeshusha sukari, na tumbo iko wazi. Mu damu yake sukari imeisha. Sasa anaweza bado kumeza. Akizimia kabisa, sitaweza tena kumupa kitu mu kinywa. Unipe chupa ingine."

Nilimuona Paluku anatetemeka kunishinda. Ile kitu tuliogopa pamoja kila siku, sasa balimuomba anipe na mukono yake! Alikamata chupa, akaifungua na meno, akaninyanyua kichwa.

Nilimeza kidogo. Tamu! Nikawaza: sasa nakufa kweli. Nikameza tena. Na pole pole dunia ikarudi: kwanza uso ya Yaya, kiisha sauti, kiisha ulimi yangu. Neno ya kwanza yenye ilitoka ilikuwa: "Muache ule mama! Sikukula kitu yake. Sikukula kitu!"

Bwana asifiwe! Muchi ukaanguka chini. Bavijana bakatawanyika, hakuna hata moja mwenye alisema pole. Mama Kanyere aliketi pale pale mu mavumbi, akawa anatafuta kitambaa yake na mikono, sawa kipofu, na ilikuwa mbele yake.

Mama Ngalula alinikalisha nikule ndizi na bugali mbele yake, kiisha bakanipeleka ku hospitali. Bakanilaza, bakanipima tena na tena, docteur akapunguza kinini. Kesho yake Mama Ngalula alikuja, akaketi ku kitanda na sisi, hakukuwa na mbio.

"Mama Kavira, nani alikuambia maharagi inaua? Maharagi inapandisha sukari pole pole, ni rafiki yako. Bugali, biazi, ndizi, kula, lakini ya kipimo ya ngumi yako, hapana mulima. Majani ijae nusu ya sahani: sombe, lengalenga, shu, ile kabichi. Samaki na mayai, hakuna munganga mwenye alikukataza. Papai, kipande, hapana muzima. Asali ni sukari, hata nyuki akiapa! Sucré, uache, ni ya saa yenye unatetemeka vile. Na kinini juu ya tumbo wazi, hata siku moja. Ukitaka kufunga juu ya maombi, ukuje kwanza utuulize."

Nilishikwa na haya juu ya ile asali, nikacheka, nikalia.

Paluku alisema: "Na mimi nilivunja chupa."

"Papa, uliogopa juu unamupenda," akamujibu. "Sasa ujue, na uendelee kumupenda."

Balinipa ruhusa ya kurudi Butembo. Mais sikuweza kupanda gari. Yaya aliniambia tangu siku ile hakuna mutu mwenye alimuita tena Mama Kanyere kupika. Batu balijua sikukula chakula yake, balisikia na masikio yao, na bado balikuwa banapita mbali na mulango yake. Neno sumu ikimugusa mutu, inabakiaka.

Nilienda kwake na Paluku. Alikuwa ku mulango, hakuninyanyulia macho.

"Mama, nimekuja kula," nilimuambia.

"Usinicheke, mama."

"Sikucheke. Niko na njaa."

"Na kama unaanguka tena? Mara hii bataniua."

Hakukosea! Nilisema tu: "Nitakulia hapa inje, fasi bote banaona."

Mama Kanyere aliangalia kwanza ku barabara. Kiisha akaingia, akatoka na sahani: maharagi, ndizi ya kupika, lengalenga. Jirani balianza kusimama ku uzio ya lupango. Hata ule kijana wa muchi. Ndugu zangu, woga mbili zilinishika pale! Moja inasema: hii maharagi itakuua. Ingine inasema: ukianguka, huyu mama anakufa leo. Mukono yangu ilitetemeka mpaka sosi ikamwangika ku kikwembe nilivaa. Nikasema, Yesu, ni wewe. Nikatia mu kinywa.

Chumvi ilikuwa kipimo. Nikakula, nikakula, nikamaliza! Yaya Katungu akaingia, akaketi chini, akaomba sahani yake. Paluku akaomba. Na ule kijana akaingia, akasimama mbele ya Mama Kanyere, mikono nyuma. "Mama, unisamehe." Mama Kanyere akamupakulia, akamupa sahani, akageuka ku moto yake.

Ndugu zangu, sukari niko nayo bado. Sidanganye mbele ya altare. Kila mara banatoboa kidole, roho inapiga mpaka niambiwe. Na ile sauti ya telefone, kuna siku inarudi mu kichwa, nashika sahani na nasimama. Hapo naita jina ya Yesu, na nakula. Asante, Mungu wangu! Asante juu ya Mama Ngalula, asante juu ya bwana mwenye alifungua chupa na meno akitetemeka!

Kama uko hapa na unaogopa sahani yako, usiulize barabara, usiulize telefone. Uende kwa banganga, ukuje na kwangu tuombe pamoja. Na kama kuna mutu mwenye unamuogopa juu ya maneno ya batu, uende umuone na macho yako.

Mama Kanyere eko hapa leo, alifika jana kutoka Beni. Mama, simama bakuone. Musiseme mbio mbio amina, mungojee kwanza: chakula yenye iko inje, nyuma ya kanisa, ni yeye njo aliipika. Mukuje mukule.