Lori la Mume wa Among

Kwenye foleni ya mpakani Busia, mbele yangu walisimama Among, mama aliyetoka Osukuru, upande wa Uganda, akiwa amebeba kompyuta mpakato, na fundi mmoja wa kompyuta, Ojiambo.

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akapooza," Among alimwambia fundi. "Sasa anaendesha lori ya gemu kwenye kompyuta hii, lakini picha inakwama. Nakwenda kuuza."

Ojiambo aliiwasha. "Mama, Linux hii inayoendesha kompyuta yako ina draiva za zamani, yaani programu za kuonyesha picha. Kuna mpya za bure, na yeyote anaweza kuzirekebisha."

"Kitu ya bure inaharibika haraka, mwanangu."

 Fundi alitumia intaneti ya simu yake, akaweka draiva mpya. Foleni ilikuwa imesogea hatua mbili tu lori la kwenye gemu lilipopanda mlima bila kukwama.

Among alimpigia mumewe. "Siuzi. Nakuja."

Akatoka mbio kurudi nyumbani, nami nikachukua nafasi yake.