Darubini ya Mwalimu Teofili

Sisi wa benchi la mtaa wa Viwanja Sitini, linalotazamana na kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, tuna sheria moja ya kipumbavu, na mimi ni mmoja wa walioitunga. Hakuna kununua kitu kikubwa mpaka benchi zima likubali. Tuliiweka baada ya Sylvester, fundi simu tunayemwita Injinia, kununua pampu ya maji kimyakimya ikamfia siku ya tatu. Tulimcheka mpaka akakonda. Basi mwezi wa sita Mwalimu Teofili, mstaafu aliyetufundisha jiografia, akatuletea jambo lake. Daktari alimwambia presha ya macho imeshaua jicho la kushoto, na la kulia linafuata. Alichotaka ni kuiona sayari ya Zohali na pete zake kabla giza halijamfikia. Miaka thelathini na nne alituchorea pete hizo ubaoni kwa chaki, yeye mwenyewe hajawahi kuziona. Akauliza anunue darubini gani, ya mtu anayeanza, ya kutazamia hapahapa mjini. Mtu mwenye akili angemjibu siku hiyohiyo. Sisi tukaagiza kahawa.

Jioni ninayoisimulia tulikuwa mwezi wa kumi na moja, na bado tunachagua.

— Narudia tena, alisema Injinia. Soma namba kwenye boksi! Inakuza mara mia sita. Chini ya hapo umenunua mdoli.

— Mia sita ya nyoko, akadakia Kelestini. Huyu tunamwita Mofu, maana shamba lake la mpunga liko kijiji hicho na hamalizi maneno bila kulitaja. Akaendelea: Kule Mofu mimi nakinga maji ya mvua. Ndoo ya mdomo mpana ndiyo inayojaa. Na darubini ni mdomo, bwana. Mwanga ndiyo mvua yenyewe.

— Umeanza na ndoo zako.

— Haya, niambie chupa ya soda inajaa saa ngapi!

— Nyie wote mnapotea, alisema Mtoro, mwenye duka la jumla, ambaye babu yake alihamia hapa kutoka pwani. Tatizo ni hii taa. Akaonyesha taa ya sola iliyo juu ya kibanda changu, iliyokuwa ndiyo kwanza inawaka. Nyota zitaonekana vipi na hili litaa? Mzee apelekwe Mofu, kuna giza la kueleweka.

— Njia imeshakuwa tope, alisema Kelestini. Na viboko wa mtoni utaongea nao wewe?

— Zohali inaonekana hata mjini, alisema Mwalimu taratibu. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Ile haiogopi taa. Lakini endeleeni wanangu, nawasikiliza.

Tukaendelea. Mungu atusamehe, tukaendelea.

Na mimi sitajificha nyuma ya wenzangu. Mwezi wa saba tulikaribia kabisa kukubaliana. Kulikuwa na mfanyabiashara Morogoro mwenye darubini moja ya mdomo mpana, Kelestini akaikubali, Mtoro akaikubali, hata Injinia akasema basi, yaishe. Mimi nikaitazama picha kwenye simu nikasema hapana, miguu ya stendi ni myembamba, itatikisika. Nilitaka tu nionekane fundi. Miguu yenyewe ningeifunga vyuma kwa nusu saa, na vyuma vilikuwa vimelala humo kibandani. Mwezi wa nane moshi wa mashamba yanayochomwa ukaziba anga. Sasa mawingu ya mvua yalikuwa yanakuja kila siku, yakiachia nafasi moja moja.

— Halafu kuna faida hamjaiona, alisema Mtoro. Mwanga wa nyota ukikuzwa mara mia sita ukaingia kwenye jicho lililokufa, unadhani litabaki limekufa? Litashtuka!

— Litashtuka kweli, alisema Injinia. Ila lile zima litaungua. Kwa hiyo tununue mbili, atazame na macho yote, nguvu igawanyike.

— Mbili za nini? Mimi nasema darubini itazame chini, kwenye ndoo ya maji. Nyota ikiingia majini inapoa.

— Mofu, na wewe nenda zako huko!

Tulicheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, akapeleka mkono kuweka kikombe juu ya kigoda. Kikaanguka chini. Nikakiokota, nikakiweka juu ya kigoda, nikasukuma kigoda karibu na goti lake.

Hapo akafika Asmahani, anayeuza vitenge sokoni, anakokota baiskeli yenye pancha.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akasimama kungoja nibandue tairi, akawasikiliza mpaka akaelewa.

— Kwani anayenunuliwa hiyo darubini ni nani?

— Mwalimu, alisema Injinia. Tunamchagulia.

— Mwalimu, mwezi mwandamo umeuona leo? Uko mzuri.

Mwezi ulikuwa nyuma yetu, juu ya bati la duka la Mtoro, mwembamba kama ukucha. Mwalimu aliinua uso mbele, kwenye taa ya sola. Akaitazama sana.

— Nimeuona, mama. Umejaa kabisa leo.

Mtoro alishika tama. Kelestini aliangalia viatu vyake.

— Mmeanza kuchagua lini? Asmahani aliuliza, sauti imeshuka.

— Mwezi wa sita, nikasema.

— Mlikuwa mnasubiri nini?

Jamani, watu wanne tunaojua kila kitu. Nikainamia tairi nikatafuta tundu ambalo nilikuwa nimeshaliona.

— Ile ya Morogoro, Injinia akasema mwishowe. Ya mdomo mpana. Kesho nampigia.

— Kesho hiyohiyo, alisema Mtoro.

— Miguu nitaifunga mimi, nikasema.

Kelestini akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka waziwazi.

— Benchi limekubali? Mwalimu aliuliza.

— Limekubali, Mwalimu. Wote.

— Vizuri sana. Alipapasa kigoda, akakipata kikombe, akakigeuza. Kahawa ilikuwa imeshamwagika, na birika lilikuwa tupu. Basi ikifika, mmoja wenu atazame. Kisha anichoree hapa kiganjani kwa kidole, polepole, nijue kama nilikuwa nawafundisha sawasawa.