Thoya na Tui la Damu

Tarehe 30 Juni 1988, Thoya Kiponda anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika maabara yetu hapa Kilifi. Idah, karani wetu, ananiandikia haya. Mimi Hafidha, muosha chupa, na kalamu hatujuani.

Kazi yake ilianzia machinjioni. Kila asubuhi alirudi kwa baiskeli na damu ya ng'ombe kwenye barafu, pamoja na tezi zile ndogo zinazokaa juu ya figo. Wachinjaji walimwita mkwe wa ng'ombe, maana hakuondoka mikono mitupu. Naye aliwajibu kwamba mkwe hupewa kilicho bora.

Daktari Fazal, mkuu wa maabara, alizipa chembe za tezi hizo homoni ya kuziamsha, apime zinatengeneza steroidi, kemikali ya mwili, kiasi gani. Zikatengeneza kidogo, kidogo mno. Miezi minane hivyo hivyo, mpaka akasema mwaka ukiisha mlango wa utafiti huo utafungwa.

Siku moja ya 1983, chembe zikatoa mara tatu ya kawaida. Daktari akafurahi, kisha akakasirika. Mahali pa chupa ya maji ya chumvi ya kuchanganyia palikuwa pamekaa chupa ya maji ya damu, yale ya manjano yanayojitenga damu ikiganda. Chupa zote za kahawia, nani angejua? Akauliza nani kakosea. Thoya akasema, "Ni mimi. Nifukuze ukitaka, lakini kwanza turudie."

Wakarudia mara nne. Maji ya damu peke yake, hakuna kitu. Homoni peke yake, kidogo. Vyote pamoja, mara tatu. Daktari akatafuta neno, Thoya akampa, "Hilo ni tui. Moto ndio unaopika, lakini mchuzi bila tui ni maji ya moto." Hadi leo maabara nzima inaliita tui. Kilichomo ndani yake bado kinatafutwa, na Mumbua, aliyefunzwa na Thoya, ataendelea.

Sasa natema nililolimeza miaka mitano. Chupa zile nilizirudisha mimi rafuni, moja mahali pa mwenziwe. Lebo siisomi, naye Thoya alijua. Kesho yake nilikuta kila chupa ya tui imechorwa nazi kwa rangi nyekundu. Wajukuu wangu sita wamelelewa na mshahara wa kazi hii aliyoniokolea.

Daktari, nifukuze ukitaka, lakini kwanza tule pilau. Thoya, mkaidi wewe, ahsante. Nenda shambani kwako Ganda ukalime, magoti yaliyochoshwa na baiskeli yapone, na tui la maisha yako lisikatike.