Ukoko wa Mama Felista

Kwenye bajaji ya kutoka Kingolwira nilikaa na mama mmoja na binti aliyevaa fulana ya kampuni inayopeleka chakula kwenye vituo vya watoto vya halmashauri. Binti akatuamkia. Yule mama alipoisoma fulana akasema, “Marahaba, mwanangu. Kumbe ndio nyie. Mimi Felista, nilipika kituo cha watoto cha Kingolwira miaka kumi na tisa, mpaka mlipokuja.”

“Sisi tumepewa kazi tu, mama. Na uji wetu tunaupima, kila mtoto kikombe sawasawa.”

“Na aliyelala njaa mnamjuaje? Mimi namjua, anaacha michezo, anakuja kuchuchumaa kwenye moshi wangu. Huyo namkwangulia ukoko wa sufuria, wenzake wasione.”

Binti akasema uji wao huja kwenye ndoo, umeshapikwa mjini. Hauna ukoko. Mimi nikausikia mdomoni ule wa bibi yangu kule Kinole, ulioungua kidogo.

“Kitendawili,” akasema Mama Felista.

“Tega.”

“Nina wana arobaini, sikuzaa hata mmoja.”

Jibu nilikuwa nalo, lakini sikuulizwa mimi. Binti naye nadhani alilijua. Tulipokaribia stendi ya Msamvu akasema taratibu, kama ilivyo desturi ya aliyeshindwa, “Nakupa mji, mama. Chukua Turiani, ndiko kwetu.”

Bajaji ikasimama. Mama Felista akakusanya kanga yake, akashuka.

“Turiani kaa nayo, mwanangu. Mimi nipe jiko langu.”